Nyundo ya Zamani Irudipo Kiwandani

Mwaka 1982 kampuni ya Sturm, Ruger, yenye makao yake Southport katika jimbo la Connecticut, Marekani, iliwatangazia watu wenye bastola zake za zamani jambo lisilo la kawaida katika biashara. Maana ya tangazo lake ilikuwa hii: wenye bastola za silinda zilizotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1972 wazirejeshe kiwandani. Mafundi wataitoa nyundo ya zamani pamoja na vipande vinavyofuatana nayo, watatia vipya, hawatadai malipo, na watamrudishia mwenyewe bastola yake. Pamoja na bastola hiyo watamrudishia pia vile vipande vya zamani walivyovitoa.

Msomaji wa jarida la mashairi ana haki ya kuuliza: haya yatuhusu nini? Bastola si kitu cha kupendeza, na sisi wa visiwani hatuna sababu ya kuisifu. Lakini swali ambalo tangazo lile lilijaribu kulijibu ni letu pia. Mtu amerithi kitu cha zamani, kizuri, kilichofanywa kwa ustadi, na ndani yake mna kasoro inayoweza kudhuru. Akiache kama kilivyo kwa heshima ya asili, au akirekebishe kwa ajili ya usalama wa atakayekishika kesho? Na akikirekebisha, kile alichokiondoa akipeleke wapi? Historia ya nyundo ya bastola ni fupi kuliko historia ya utenzi, lakini maswali haya yamo humo yote, na mara nyingi yamejibiwa kwa damu.

Tuanze na nyundo yenyewe. Katika Kiswahili cha pwani tunayo majina ya bunduki yaliyoitangulia bastola. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi unaowaka. Gumegume ilitumia jiwe gumu linalopigwa kwenye chuma likatoa cheche. Kisha ikaja bunduki ya fataki, yaani kijikofia chembamba cha shaba chenye dawa inayoripuka ikigongwa. Ukitazama utaona kuwa katika gumegume na katika ile ya fataki kilichobadilika ni kinachopigwa. Kinachopiga ni kile kile: kipande cha chuma kinachovutwa nyuma dhidi ya nguvu ya kamani, kikashikwa na jino, kikangoja. Kidole kinapokivuta kifyatulio, jino huachia na chuma huanguka. Chuma hicho ndicho nyundo. Silaha nzima, mtutu wake na kitako chake na nakshi zake, inategemea kuanguka kwa nyundo kwa wakati uliotakiwa. Ikianguka kabla ya wakati huo, au ikisukumwa na kitu kingine kisichokuwa kidole, haijui tofauti.

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani mwezi wa Februari 1836, na akaanza kutengeneza silaha zake katika mji wa Paterson, jimbo la New Jersey. Ugeni wa bastola yake ulikuwa katika kazi ya nyundo. Mpigaji alipoivuta nyuma, nyundo haikujitayarisha peke yake, bali iliizungusha silinda pia, ikalileta tundu jengine lenye risasi mbele ya mtutu na kulifunga hapo. Katika bastola hizo za mwanzo hata kifyatulio kilikuwa kimefichwa tumboni mwa silaha, kikijitokeza pale tu nyundo ilipovutwa. Nyundo ikawa ndiyo kiongozi, na viungo vingine vyote vikaufuata mwendo wake.

Habari za silaha hizi zilitufikia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Jahazi la Sayyid Said bin Sultan liitwalo Sultana liliondoka Zanzibar mwezi wa Februari 1840 likiongozwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, na likatia nanga New York tarehe 30 Aprili mwaka huo huo. Serikali ya Marekani ililitengeneza upya jahazi hilo kwa gharama zake, na lilipogeuza tanga kurudi nyumbani, miongoni mwa zawadi ambazo Rais Martin Van Buren alimpelekea Sayyid zilikuwamo silaha za Colt za kupiga mara nyingi. Kwa hivyo nyundo tunayoizungumza ilivuka bahari kuja kwetu ikiwa zawadi ya mfalme, miaka michache tu baada ya kubuniwa, na kabla kiwanda cha Paterson hakijafungwa mwaka 1842.

Bastola za fataki zilikuwa na hatari iliyo wazi. Nyundo ikilazwa juu ya fataki, pigo lolote mgongoni mwake ni sawa na kufyatua. Mafundi walilijua hilo. Colt mwenyewe, aliporudi kazini na baadaye kujenga kiwanda chake Hartford, alitia vijipini vidogo nyuma ya silinda, baina ya tundu na tundu, ili nyundo ipate pahala pa kupumzikia pasipo na fataki. Remington naye alichonga mapengo kwa kusudi hilo hilo. Mtu aliweza kuzijaza tundu zote sita, akailaza nyundo baina ya mbili, akatembea kwa amani. Jambo hili ni la kukumbukwa, maana litatusaidia kuona kilichopotea baadaye.

Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilianza kutumia bastola mpya ya Colt, ile ambayo ulimwengu mzima umeiona katika filamu za wachunga ng'ombe. Ilitumia risasi zenye maganda ya shaba zinazotiwa kwa nyuma, na ncha ya kupigia ilikuwa imeshikizwa kwenye paji la nyundo. Vile vijipini vya baina ya tundu havikuendelea. Badala yake nyundo ilichongwa mapengo matatu kwa chini. La kwanza lilikusudiwa kuizuia nyundo isiguse risasi, la pili ni la nusu ya njia, ambapo silinda huzunguka huru ili ijazwe, na la tatu ni la kupiga. Mtu aliivuta akisikia milio yake mmoja mmoja, na wapenzi wa bastola hiyo wanaiita milio hiyo muziki.

Lile pengo la kwanza lilikuwa na mdomo mwembamba sana, na mdomo wa kifyatulio unaoingia humo ni mwembamba vile vile. Bastola ikianguka kwa mgongo juu ya jiwe, au bawa la tandiko la farasi likiipiga nyundo wakati mtu anafunga mkanda, mdomo huo huweza kuvunjika, na hapo ncha huipiga risasi. Kinga iliyoandikwa jina lake kuwa kinga haikuwa kinga. Wenye kuzitumia bastola hizo walijifunza wenyewe, wakatunga kanuni yao: tia risasi tano tu katika tundu sita, na nyundo ilaze juu ya lile tundu tupu.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Wyatt Earp, askari wa mji wa Wichita, Kansas. Mwezi wa Januari 1876 alikuwa amekaa na wenzake katika chumba cha nyuma cha baa, bastola ikamteleza kutoka katika ala yake, ikaanguka kwa nyundo na kufyatuka. Risasi ilipita katika koti lake ikatokea darini. Gazeti la mji liliieleza habari hiyo, na ndiyo maana tunaijua. Mtu ambaye jina lake limekuwa sawa na uhodari wa bastola aliponea chupuchupu kwa bastola yake mwenyewe, kwa sababu nyundo ilikuwa imelala juu ya risasi ya sita.

Kanuni ya risasi tano ilikuwa elimu ya mdomo. Baba alimwambia mwanawe, mzee wa kazi alimwambia kijana. Sisi tuliolelewa katika elimu ya namna hiyo tunajua nguvu yake na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba haihitaji karatasi wala kiwanda. Udhaifu wake ni kwamba haikai ndani ya kitu, inakaa ndani ya mtu. Kitu kikiuzwa, kikirithiwa, kikitoka katika mkono unaojua kikaingia katika mkono usiojua, elimu haifuatani nacho. Chuma kinakwenda peke yake, kimya, na kasoro yake ndani.

Ndipo mafundi wengine wakajiuliza kama haiwezekani ile kanuni kutiwa ndani ya chuma chenyewe. Katika miaka ya 1890 kampuni ya Iver Johnson ya Fitchburg, Massachusetts, ilitoa jibu lililo zuri kwa wepesi wake. Nyundo ilichongwa umbo ambalo, hata ikilala mbele kabisa, haiwezi kuigusa sindano inayoipiga risasi. Baina ya nyundo na sindano pana nafasi tupu. Kifyatulio kikivutwa hadi mwisho, kipande chembamba cha chuma huinuka na kuijaza nafasi hiyo, na hapo tu pigo la nyundo huweza kupita kuifikia sindano. Kidole kikiondoka, kipande hushuka na njia hukatika. Kampuni ilijivunia kazi yake hata matangazo yake yakamwalika mnunuzi aigonge nyundo ya bastola kwa nyundo ya seremala aone kama itafyatuka.

Hapa historia inatia kejeli yake. Tarehe 6 Septemba 1901, katika mji wa Buffalo, Rais William McKinley alipigwa risasi na mtu aliyeificha bastola ndani ya kitambaa, na siku nane baadaye akafariki. Bastola hiyo ilikuwa ya Iver Johnson. Kipande cha usalama kilifanya kazi yake sawasawa: kilizuia ajali. Nia hakikuweza kuizuia, wala hakuna fundi aliyepata kudai kuwa kinaweza. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kuwa ninasimulia habari za silaha kufanywa njema. Ninachosimulia ni habari za ajali kuzuiliwa.

Wengine waliibadilisha nyundo kwa sababu nyengine. John Henry Fitzgerald, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Colt, alijulikana katika miaka ya 1920 kwa bastola alizozifupisha mtutu na kuzikata ule mkia wa nyundo unaoshikwa na dole gumba, ili zisinase katika mfuko wa koti zinapochomolewa kwa haraka. Kampuni ya Smith & Wesson nayo, katika miaka ya 1950, ilitoa bastola ambazo nyundo yake ilifichwa ndani ya mwili wa silaha. Kazi hizo zilikusudiwa wepesi wa kuchomoa. Nazitaja ili tuone kwamba kuibadilisha nyundo si jambo moja. Yupo anayeibadilisha ili impendeze mwenyewe, na yupo anayeibadilisha ili isimdhuru asiyejua.

Mfano wa pili wa namna hiyo umeandikwa ndani ya namba za bastola. Katika Vita Vikuu vya Pili Smith & Wesson waliitengenezea serikali bastola iliyoitwa Victory, na namba zake zilianza kwa herufi V. Mwaka 1944 moja kati ya bastola hizo ilianguka kwenye sitaha ya manowari, ikafyatuka, na baharia akauawa. Kizuizi kilikuwamo ndani yake, lakini hakikutosha. Wahandisi wa kiwanda walibuni kizuizi kipya kwa haraka sana, na kuanzia hapo herufi S ikatangulia ile V. Wengi wanaozishika bastola hizo leo huenda hawajui kuwa herufi ile moja, iliyogongwa kwenye chuma, ni alama ya kaburi la mtu asiyetajwa jina.

Sasa turudi Southport. William Ruger na Alexander Sturm waliianzisha kampuni yao mwaka 1949 kwa mtaji wa dola 50,000. Sturm alifariki mwaka 1951, na Ruger akaendelea peke yake. Wakati huo bastola ya Colt ya mwaka 1873 ilikuwa haitengenezwi tena. Kiwanda kilikuwa kimeacha mwaka 1940, baada ya kutoa zaidi ya 357,000. Lakini televisheni ilikuwa imeingia majumbani, na kila usiku watoto na wazee wa Marekani waliwaona wachunga ng'ombe wakichomoa bastola hizo. Ruger alielewa kuwa watu walikuwa wakikitamani kitu kisichopatikana. Mwaka 1953 alitoa bastola ndogo iitwayo Single-Six, na mwaka 1955 akatoa kubwa yake, Blackhawk.

Zilikuwa bastola madhubuti. Kamani za bapa, ambazo katika zile za zamani zilikuwa zikikatika, alizibadilisha kwa kamani za mviringo. Sindano ya kupigia aliitoa kwenye nyundo akaiweka katika mwili wa bastola. Lakini mwendo wa nyundo aliuacha kama ulivyokuwa tangu 1873: mapengo yale yale, milio ile ile. Nyundo ikilala mbele iliigusa sindano, na sindano ilikuwa juu ya risasi. Aliyeipenda ya zamani aliipata ya zamani, pamoja na kasoro yake.

Tofauti ilikuwa katika wanunuzi. Mnunuzi wa 1880 alikuwa na mtu wa kumwambia habari ya risasi tano. Mnunuzi wa 1960, karani wa mjini aliyeipenda bastola kwa kuiona katika televisheni, huenda hakuwa naye. Aliona tundu sita akazijaza sita. Kitu kilikuwa kimefufuliwa, lakini desturi iliyokuwa ikikilinda haikufufuliwa pamoja nacho. Ajali zikatokea: bastola zilizoanguka, zilizogongwa, zilizomponyoka mtu mikononi. Kesi zikafuata. Mojawapo ilifika Mahakama Kuu ya jimbo la Alaska, iliyotoa hukumu yake mwaka 1979. Ilihusu mtu aliyejeruhiwa mguuni na bastola ya kampuni hiyo iliyomponyoka wakati anaitoa risasi. Katika ushahidi ilielezwa kwamba kasoro ya mapengo yale ingeweza kuondolewa kwa gharama isiyofikia dola mbili kwa kila bastola.

Chini ya dola mbili. Takwimu hiyo inatosha kumfanya mtu anyamaze kidogo. Tunapenda kuamini kuwa hatari hubaki kwa sababu kuiondoa ni ghali au ni vigumu. Mara nyingi hubaki kwa sababu kitu kimezoeleka, kinapendwa, na anayekigusa anaogopa kuambiwa ameharibu asili.

Kabla ya hukumu hiyo Ruger alikuwa amekwisha kugeuza njia. Mwaka 1973, miaka mia moja kamili baada ya ile bastola ya Colt, kampuni yake ilitoa namna mpya ya bastola hizo, yenye kile kipande chembamba kinachoinuka, kwa maarifa yale yale ya Iver Johnson. Kuanzia hapo tundu zote sita ziliweza kujazwa. Lakini zilibaki zile za miaka ishirini ya nyuma, zimetawanyika katika makabati, katika madroo ya vitanda, katika magari ya wakulima. Hazikuwa mali ya kampuni tena. Ndipo mwaka 1982 likatoka tangazo tuliloanza nalo.

Kazi yenyewe ni hii. Bastola ya zamani hutambulikana kwa misumari mitatu ya parafujo ubavuni mwake, ambapo zile mpya zina pini mbili. Fundi huifungua, akaitoa nyundo ya zamani na kifyatulio chake. Hutia nyundo mpya iliyochongwa uso wake hata isiweze kuifikia sindano, na kifyatulio kipya kinachobeba kile kipande chembamba. Mwili wa bastola haukatwi, mtutu haubadilishwi, na namba hubaki ile ile. Mwenye bastola bado huivuta nyundo hadi nusu ya njia anapotaka kuijaza, kama alivyofanya babu yake. Kwa nje asiyejua hataona tofauti. Kampuni ilitaka kazi hiyo ifanywe kiwandani, na haikuvitoa vipande vipya kumpa mtu akajitilie nyumbani, kwa kuwa kinga iliyotiwa vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa na kinga. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, na katika hili kiwanda kiliutoa uchi wake hadharani, ingawa kilikuwa kimechelewa.

Kisha vipande vya zamani hutiwa katika kifuko, vikarudishwa pamoja na bastola. Naona kitendo hiki kidogo ndicho kiini cha habari yote. Kiwanda kingeweza kuvitupa, na sheria isingekilaumu. Kwa kuvirudisha kilisema mambo mawili kwa pamoja: usikitumie hiki, na hiki ni chako. Mwenye kitu hakunyang'anywa historia yake kwa kisingizio cha usalama wake.

Hata hivyo wengi hawakupeleka. Sababu zao zastahili kusikilizwa. Wapo waliosema kuwa nyundo mpya haina muziki wa ile ya zamani, na kifyatulio chake ni kizito na hakina ule wepesi waliouzoea. Wapo wakusanyaji, ambao kwao bastola isiyoguswa ina thamani kubwa kuliko iliyoguswa, na kifuko cha vipande vya zamani, kikiwapo, huirudisha sehemu ya thamani hiyo. Wapo waliosema: mimi naijua kanuni, natia risasi tano, sina haja ya chuma kunifundisha adabu.

Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu, na ndiyo yenye kasoro kubwa zaidi. Msemaji anaijua kanuni, hatukatai. Lakini bastola itaishi kuliko yeye. Chuma kilichopakwa mafuta hukaa miaka mia na zaidi. Siku moja mjane ataifungua droo, au mjukuu ataikuta ndani ya sanduku, na katika chumba hicho hatakuwamo mtu wa kumwambia kuwa nyundo isilazwe juu ya risasi. Anayekirekebisha kitu cha zamani hakirekebishi kwa ajili yake, maana yeye amekwisha kujifunza kuishi na kasoro. Anakirekebisha kwa ajili ya mtu ambaye hawatakutana.

Nimeshughulika miaka mingi na tafsiri na miswada ya mashairi, na ndiyo maana kifuko kile kimenishughulisha. Sisi pia tunarithi vitu vilivyofanywa kwa ustadi na mikono isiyokuwapo tena. Hati za Kiarabu zilizotumiwa na washairi wetu, kwa desturi ya uandishi wa zamani, hazipambanui baina ya i na e, wala baina ya u na o. Kila anayezihamisha kuzitia katika herufi za Kilatini analazimika kuchagua, na kila anapochagua anabadilisha nyundo. Hana budi, maana msomaji wa leo asiyejua kuzisoma hati hizo hatapata kitu pasi na kazi yake. Swali si kama abadilishe. Swali ni vipande alivyovitoa amevipeleka wapi.

Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mwishoni mwa karne ya 19 W. E. Taylor aliyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa kitabuni, Johannesburg, kwa herufi za Kilatini. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London. Kwa hivyo msomaji anayelitilia shaka neno la kitabuni anayo pahala pa kurudi: kifuko kipo. Lakini ni tungo ngapi ambazo mhariri au mrithi alizisafisha, akaondoa neno asilolielewa akatia alijualo, akakirekebisha kina kilichomchukiza, kisha karatasi ya asili ikaliwa na mchwa? Hapo hatuna tena ya zamani na iliyorekebishwa. Tuna moja tu, wala hatujui ni ipi.

Najua kwamba mfano huu una mpaka. Neno lililosomwa vibaya halimtoboi mtu paja. Lakini zipo njia tatu za kukipokea kitu cha mababu, na zinafanana katika chuma na katika maneno. Ya kwanza ni kukiacha kama kilivyo na kutumaini kuwa kila atakayekishika atakuwa amefundishwa. Hiyo ni heshima kwa waliokufa, na ni dhulma kwa watakaozaliwa. Ya pili ni kukibadilisha na kuvitupa vilivyotoka. Hiyo inawafaa watakaozaliwa, lakini inawanyima ushahidi. Ya tatu ni kukibadilisha palipo na dharura, papo hapo na si zaidi, na kile kilichotoka ukakitia katika kifuko chenye jina lake, ukamkabidhi mwenyewe. Njia hii ina kazi zaidi kuliko zote mbili. Inamtaka fundi awe na ushujaa wa kugusa na unyenyekevu wa kutunza.

William Ruger alifariki mwaka 2002. Bastola za misumari mitatu bado zimetapakaa, nyengine zimetiwa nyundo mpya, nyengine zinangoja ndani ya madroo na mapengo yake ya mwaka 1873. Lililo jema katika habari hii ni lile kabati ambamo pana bastola isiyoweza tena kufyatuka ikianguka, na kando yake kifuko kidogo chenye nyundo ya zamani, ili mjukuu aijue asili bila ya kudhurika nayo.

Nafunga kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yetu:

Cha babuyo ukishika, kitazame kwa makini,
Penye hatari kumbuka, kutia kinga ya ndani,
Na kipande kilotoka, kirudishe mkononi,
Wajukuu wakitaka, wakijue cha zamani.